Udhaifu wa Ukuta na Udhuru wa Mvunjaji

Mchezo huhesabiwa kuwa jambo dogo, na kwa sababu hiyo uovu utendwao juu ya mchezo huhesabiwa mdogo pia. Hesabu hii yafaa kupimwa. Siku ya Krismasi ya mwaka 2014, wakubwa kwa wadogo katika nchi nyingi walifungua zawadi zao za mashine za michezo wakakuta hawana pa kuingia. PlayStation Network ya Sony na Xbox Live ya Microsoft, huduma zinazowakutanisha wachezaji kwa njia ya intaneti, zilikuwa zimeelemewa. Kundi lililojiita Lizard Squad lilidai kuwa ndilo lililotenda.

Shambulio la namna hii halivunji kufuli. Watu elfu wasiotaka kununua wakijazana mlangoni pa duka, mwenye haja ya kweli hapiti. Kadhalika, maelfu ya vyombo hutuma maombi ya uongo kwa wakati mmoja, hata kompyuta ziyapokeazo zikashindwa kumhudumia mchezaji wa kweli. Huduma iliyo wazi kwa wote haiwezi kukosa mlango, na penye mlango hapakosi udhaifu.

Waliosema kwa niaba ya kundi walitoa udhuru wa namna mbili: kwamba walitaka kujifurahisha, na kwamba walitaka kuonyesha jinsi kampuni kubwa zilivyozembea ulinzi. Udhuru wa kwanza wajihukumu wenyewe. Wa pili una sura ya hekima, na ni haki usikilizwe, maana uzembe haukuwa jambo la kuzuliwa. Mwezi wa Aprili 2011 wavamizi waliingia katika PlayStation Network hiyo hiyo. Habari za akaunti zipatazo milioni 77 zikawa hatarini, na huduma ikafungwa kwa zaidi ya majuma matatu. Mwezi wa Januari 2013 mamlaka ya Uingereza ya kulinda habari za watu iliitoza Sony faini ya pauni 250,000, ikisema kuwa uvamizi ule ungaliweza kuzuiwa. Apokeaye amana asiilinde ana hatia, wala amana haipungui uzito kwa kuwa aliyeiweka alikuja kucheza.

Walakini hatia ya mlinzi haimtakasi mvunjaji. Mwenye nia ya kuonya humwendea mwenye nyumba akamwonyesha ufa. Hawafungii wageni nje siku ya karamu ili wausadiki. Tena, siku chache baada ya sikukuu ile, kundi lilianza kuuza mashambulizi ya namna ile ile kwa yeyote mwenye fedha. Mwonyaji akageuka mchuuzi wa hatari aliyoionya. Na nguvu aliyoiuza haikuwa yake: ilitoka katika ruta za majumbani, ambazo wenyewe hawakubadili maneno ya siri yaliyotiwa kiwandani. Wanyonge wasio na habari wakafanywa silaha ya kuwapigia wenzao.

Elimu ya kuona ufa ni kipawa chema. Kwa mwenye nyumba, ufa ni wito wa kuziba. Kwa aujuaye, ni wito wa kuonya. Kwa mtu awaye yote, si ruhusa ya kubomoa. Ukuta mfupi ni aibu ya aliyeujenga. Kuuruka ni kosa la aliyeuruka.