Nani Alimwona Nani?

Hebu tuanze na swali la darasani, lile ambalo wengi wetu tuliulizwa tukiwa bado tunavaa kaptula: nani aligundua Ziwa Tanganyika? Jibu la kupatia vema lilikuwa Burton na Speke, mwaka 1858. Ukiandika hivyo unapewa alama zako, unaendelea na swali la pili. Hakuna aliyetuuliza Wazungu hao walipofika ufukweni walimkuta nani. Walikuta watu wanavua, wanauza chumvi na mafuta ya mawese, wanabishana bei. Walikuta Ujiji. Sasa, ndugu msomaji, kitu kinachojulikana na mji mzima, siku mgeni akikiona, ndiyo kimegunduliwa?

Mimi ni mkazi wa Ujiji, na swali hili nalipita kila siku niendapo sokoni, maana limejengewa nyumba kabisa. Ni makumbusho yetu madogo ya Livingstone. Nje pana mnara wa mawe unaotaja tarehe 10 Novemba 1871, siku ambayo Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone chini ya mwembe. (Hata tarehe hiyo wasomi wanabishana, kwani wasafiri wenyewe walikuwa wamepoteza hesabu ya siku.) Mwembe ule haupo tena, iliyopo ni miembe inayosemekana imetokana nao. Ndani kuna habari za misafara ya watumwa na pembe za ndovu, na sanamu mbili za ukubwa wa mtu kamili, Stanley na Livingstone wakisalimiana. Wageni hufunga safari hadi huku mwisho wa reli kuja kuona salamu hiyo.

Kijiweni kwetu, kahawa ikishapita mikononi, mjadala wa makumbusho haya huwa na pande mbili tu. Kuna washikaji wanaosema sanamu zile ziondolewe, ukoloni ulishakwisha, hatuna haja ya kuwafutia vumbi. Na kuna wanaosema bwana tushukuru, bila Livingstone nani huko duniani angeijua Ujiji? Nimewasikiliza wote na naona wote wanaruka swali. Wa kwanza wanataka kufuta jina moja, wa pili wanataka libaki peke yake. Hakuna anayeuliza majina mengine yalikwenda wapi.

Twende polepole. Stanley mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa anaingia Ujiji katikati ya umati, aliyemsalimu kwa Kiingereza alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone. Halafu akatokea Chuma. Susi ndiye aliyekimbia kumpa bwana wake habari. Kwa hiyo ile salamu maarufu duniani ilikwishatanguliwa na salamu nyingine, ambayo haikuchongewa sanamu.

Upande wa Stanley napo alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, mkuu wa watu wa msafara. Huyu alikuwa Myao, aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo hadi India, akapata uhuru wake akarudi Afrika. Mwaka 1858 alikuwa pamoja na Burton na Speke walipofika hapa. Livingstone alitia mguu Ujiji kwa mara ya kwanza mwaka 1869, yaani miaka kumi na moja baadaye. Kama kufika ndiyo sifa, basi Bombay naye anadai mwembe wake. Na wenyeji waliokuwa wakiwauzia wote hao samaki wanadai msitu mzima.

Jambo hili si la Ujiji peke yake. Huko Kondoa, kwenye miamba ya Kolo na vijiji vya jirani, kuna michoro ya kale ya wanyama na watu wembamba, mingi yake kwa rangi nyekundu. Waliochora hatuwajui hata mmoja kwa jina. Jina tunalolijua ni la Mary Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyetumia miezi kadhaa ya mwaka 1951 kunakili michoro hiyo na mwaka 1983 akatoa kitabu chake. Mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza katika urithi wa dunia. Lakini Warangi hawakusubiri hiyo 1951. Pango la Mungumi wa Kolo kwao ni mahali pa tambiko, pa kuombea mvua na kuponya wagonjwa, sio maonyesho. Ng'ambo ya bahari, huko Peru, mistari mikubwa ya jangwa la Nazca inatajwa pamoja na Maria Reiche, Mjerumani aliyefariki mwaka 1998, na nyumba yake imefanywa makumbusho. Wachache wanamtaja Toribio Mejía Xesspe, mtu wa Peru hiyo hiyo, aliyeichunguza tangu miaka ya 1920, kabla yake.

Hapa ningeweza kumaliza kwa hasira na mkanipigia makofi. Lakini haki ina pande zake. Maria Reiche alishika ufagio akafagia mistari ile jangwani, akapigana isiharibiwe na magari na barabara. Mary Leakey alinakili picha ambazo jua, mvua na mikono ya watu vinazidi kuzifuta. Hiyo ni kazi, tena kazi ya mapenzi. Kuchora ni tendo, na kutunza nako ni tendo. Na kuna jambo linalonibana zaidi: haya yote niliyowaambia kuhusu Susi, nimeyajuaje? Ni kwa sababu Stanley aliandika. Kalamu iliyomweka Susi nyuma ndiyo hiyo hiyo iliyomfikisha kwangu.

Basi tumwachie mwandishi sifa yote? La hasha. Angalia mambo yalivyokwenda mwishoni. Livingstone alifariki Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Pamoja na mwili walibeba na karatasi zake. Alipozikwa Westminster Abbey, London, mwezi Aprili, Susi na Chuma hawakuwepo. Walifikishwa Uingereza baadaye, wakamsaidia Horace Waller kuzipanga shajara hizo zilizotoka kitabu mwaka huo huo. Maana yake hata maandishi ya marehemu yalibebwa mabegani, na yakaeleweka vizuri kwa msaada wa watu waliokuwa wapagazi na watumishi.

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Kumkumbuka aliyeona au aliyeandika si kosa. Kosa ni kupokea mzigo ukajifanya umejileta wenyewe. Heshima haifanani na sinia la ubwabwa, kwamba akiongezeka mlaji mwingine wewe unapunguziwa. Livingstone hapungui hata tone tukimweka Susi pembeni yake. Mgeni akitoka mle ndani anajua jina moja tu, amedhulumiwa na yeye, maana amepewa nusu ya habari.

Nawaambia haya waandishi wenzangu kwa sababu yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Mimi naandika riwaya ya Ujiji. Sehemu kubwa nimepewa na bibi yangu, aliyeanika dagaa mwaloni miaka na miaka na hajui kusoma. Yeye husimulia, mimi naandika kwenye daftari. Kitabu kikitoka, jina la jaladani litakuwa langu. Kwa jicho la bibi, Stanley ndiye mimi.

Nitalitaja jina lake ukurasa wa kwanza, hilo ni jepesi. Gumu liko kwingine. Kuna habari moja ya ukoo wetu alinisimulia usiku umeme umekatika, akamaliza kwa kusema, "Hii mjukuu wangu ni ya nyumbani." Ni habari nzuri kuliko zote nilizonazo. Riwaya bila hiyo itachechemea, najua. Nimejiuliza wiki nyingi: kuhifadhi si wema? Bibi akiondoka nayo, si itapotea kama rangi za Kolo? Lakini michoro ya Kolo haina wa kumuuliza, na bibi yangu yupo, nimemuuliza, amejibu.

Sitaiandika. Nyingine zote nitamsomea moja moja kabla hazijaenda kwa mchapaji, na atakaposema toa, nitatoa. Wewe mwenzangu unayeandika habari za mama yako, za mtaa wako, za mzee wa kijiweni, umeshawauliza?