Mgeni wa Kumi na Tatu

Walifika saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, kina mama na kina bibi wa Kiswahili wanaoishi miji ya jirani. Walikuwa wamejitanda kanga juu ya makoti, maana Juni ya Uingereza haiaminiki. Mmoja alibeba chupa mbili za chai, mwingine sinia la maandazi lililofunikwa kitambaa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea kwenye boti ya jumuiya katika mto Kennet, mashariki ya mji wa Newbury, na sikuwahi kupokea wageni wa lugha yangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo furaha ilininyima usingizi. Nikawahi gatini, nikafagia, nikafuta madirisha, nikaijaribu lifti ya viti vya magurudumu mara mbili. Basi lao dogo lilipofika nikawahesabu wakishuka mmoja mmoja, nikafika kumi na watatu.

Nafasi zilizoandikishwa zilikuwa 12.

Kwa sheria ya Uingereza, chombo kinachobeba abiria zaidi ya 12 huwa meli ya abiria, na meli ya abiria haiondoki gatini bila cheti cha wakala wa serikali anayesimamia usalama wa majini. Boti yetu iko chini ya mstari huo. Namba 12 ndiyo iliyotumika kupanga viti, majaketi okozi, na hata idadi yetu sisi wahudumu wa siku. Nilifikiri haraka: nishuke mimi, nimwachie mgeni nafasi yangu. Lakini mhudumu hahesabiwi katika wale 12, kwa hiyo kushuka kwangu kusingeongeza kiti. Kungepunguza tu mkono mmoja wa kushika kamba. Nahodha wetu, mzee mstaafu mwenye sauti ya chini, alinitazama bila kusema kitu. Alijua kwamba neno lile linapaswa kutoka kwangu, kwa Kiswahili.

"Mama zangu, nisameheni. Tumezidi mmoja."

Bibi mkubwa kuliko wote, aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu na mkoba mapajani, akanijibu kwa upole ulioniuma kuliko ukali. "Mwanangu, mtu mmoja tu ndiye wa kukizamisha chombo?"

Nimelelewa Mwanza, katika nyumba ambayo mgeni hakukuta chungu kimejaa wala kimekwisha. Akija mtu wakati wa chakula, mama aliongeza maji kwenye mchuzi na sisi watoto tukasogeana mkekani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumwambia mtu "hakuna nafasi" kwetu ni karibu na tusi, na ndiyo maana hata kwenye daladala watu hubanana bila kunung'unika sana: kila aliyekaa anakumbuka siku aliyoachwa kituoni. Huu ni uzuri wetu, nami siuonei haya. Ila nyumba hutanuka. Baraza hupokea mkeka wa pili na wa tatu, na anayekosa kivuli huketi chini ya mwembe. Chombo hakina mwembe. Kila anayepanda hukishusha kidogo majini, na jambo kubwa zaidi ni mahali anapokaa na anapokimbilia. Bata maji akitokea na vifaranga vyake, wageni wote huinuka kwenda dirisha la upande mmoja, na hapo ndipo nahodha huhisi usukani umebadilika mkononi mwake.

Swali la bibi lilinirudisha ziwani.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na hadi leo watu hutofautiana kuhusu idadi yao. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, walionunua tiketi ya bei ndogo, hawakuwa nayo. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Kuna watu walioingia melini na ndizi zao na watoto wao bila kuandikwa popote, na walipopotea hapakuwa na karatasi ya kusema kwamba waliwahi kupanda. Makaburi ya Igoma yanawakumbuka waliopatikana. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na Ukara, na waliokufa peke yao walipita 200. Ndiyo, bibi. Hakuna anayeweza kumnyooshea kidole abiria mmoja akasema huyu ndiye aliyekizamisha. Kila mmoja wao alikuwa mtu mmoja tu.

Wazee wengi wa kwetu hawapendi watu wahesabiwe. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kutuhesabu kwa kidole. Alisema mbuzi ndio wanaohesabiwa. Jioni alisimama mlangoni akatuita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho aitike. Nilipoanza kazi ya boti niliona kuhesabu abiria ni ukarani mkavu: wakipanda, tukifika mahali pa kugeuzia, wakishuka. Sasa naona ni kilekile alichokuwa akikifanya bibi mlangoni. Hesabu na heshima ni maneno ya mizizi tofauti, lakini kwenye maji siwezi tena kuyatenganisha. Ninayemhesabu nimekiri kwamba yupo, na kwamba nitamtafuta akikosekana.

Watu huniuliza kama masharti haya si makali mno kwa kazi ya kujitolea. Hakuna anayelipwa, tunatumia Jumamosi zetu, tunaleta biskuti za nyumbani. Nami hujibu kwamba maji hayajui nani analipwa. Zaidi ya hapo, nimegundua kwamba kujitolea kuna kishawishi chake. Nahodha wa biashara huvutwa na nauli ya abiria mmoja zaidi. Sisi huvutwa na huruma. Tunapenda kushukuriwa, ndiyo mshahara wetu, na hatupendi kuukosa. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, familia ilikuja kusherehekea miaka 90 ya baba yao. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kwenye sehemu zile ambazo mfereji tunaopita unatumia njia ya mto Kennet wenyewe, kuna vibao vya kupimia kina vyenye rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, na asubuhi ile maji yalikuwa yamegusa nyekundu. Wawili kati yetu, nami nikiwa mmoja wao, tulianza kutafuta maneno: labda twende mwendo mfupi tu, labda tusifike darajani. Mzee alikuwa amevaa tai. Ungemtazamaje machoni?

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika kikundi cha kujitolea sote tu sawa, na huko uswahilini kwetu tungesema kila mmoja ana sauti; lakini kamba ikishafunguliwa lazima sauti iwe moja, na aliyevaa wajibu huo siku ile alisema hatuendi. Hakueleza sana. Tuliiacha boti imefungwa gatini, tukawasha jiko, tukakata keki humo ndani huku maji ya kahawia yakipita kasi chini ya sakafu na kubeba matawi mazima ya miti. Mzee yule alikaa saa mbili dirishani akiyatazama. Nilikuwa nimekosea. Nimekumbuka mara nyingi jinsi nilivyokuwa tayari kumpa zawadi ambayo ingeweza kumuua.

London nako wanalo la kukumbuka. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1989, boti ya Marchioness ilikuwa na wageni wa sherehe ya siku ya kuzaliwa katika mto Thames ilipogongwa na meli ya kuchimba mchanga iitwayo Bowbelle, karibu na daraja la reli la Cannon Street. Watu 51 walikufa, wengi wao vijana. Katika vyombo vyote viwili ilikuwa vigumu kuona vizuri kutoka chumba cha usukani, na uangalizi haukutosha. Ilichukua hadi Januari 2002 ndipo vituo vya boti za uokoaji vikafunguliwa katika mto huo, vikiendeshwa na RNLI, taasisi ya hisani iliyoanzishwa 1824, na kituo cha Teddington kina mabaharia wa kujitolea watupu. Wanaitwa saa nane usiku, wanaamka. Huwa nawafikiria ninapohisi kwamba kuangalia nyuma na mbele kwa saa mbili za mchana ni kazi nzito.

Hata mfereji tunaopita umerudishwa na watu wa aina hiyo. Kennet na Avon ulikamilika 1810, kilomita 140 kutoka Reading hadi Bristol, kisha reli ikaunyonga, na katika karne iliyopita sehemu zake zilikauka na kuota vichaka. Watu wa kawaida waliuchimbua kwa miongo, mwishoni mwa wiki, kwa majembe na matoroli, mpaka Malkia Elizabeth II akaufungua upya 1990. Leo boti za wageni zinazoendeshwa na watu wa kujitolea hutembea huko Hungerford, Devizes na Bradford on Avon. Ukishajua jasho lililomwagika hapo, huwezi kuupita kwa uzembe.

Narudi gatini. Aliyetuokoa ni binti wa yule bibi, mwanamke wa makamo aliyeendesha basi. Akamwinamia mama yake, akamtengeneza kanga, akasema, "Mimi nitatembea." Pembeni mwa mfereji kuna njia iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya farasi waliokuwa wakiburuta mashua, na sisi haturuhusiwi kupita maili 4 kwa saa, yaani kama kilomita 6, mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo. Angeweza kabisa kutufuata.

Nikatoa maelezo ya usalama kwa Kiswahili, mara ya kwanza maishani mwangu. Kwa Kiingereza nimeyasema mara mia na yamekuwa kama dua ya mtoto asiyejua maana. Kwa Kiswahili nilisikia kila neno. Kuna kuonya kunakomdhalilisha mgeni, kama vile umemwona mjinga, na kuna kule kwa mwenye nyumba anayesema, "Hapo pana ngazi, bibi, shika mkono wangu." Nikawaambia mikono ibaki ndani, hasa tukikaribia ukuta, kwa sababu chombo hiki kinazidi tani 15 na hakuna mkono wa kukizuia. Nikaeleza kwa nini tunaufungua mkanda wa kiti cha magurudumu tukishaondoka, ingawa gari lilishawafundisha kufunga: kiti kikienda majini, kisiende na mtu wake. Nikawaambia kwamba maji ya huku, hata Juni, hukata pumzi. Anayeanguka asihangaike kuogelea, alale chali, aelee kwanza, asubiri kamba tutakayomrushia. Kina mama waliozaliwa pwani wakatikisa vichwa. Walijua bahari, lakini hawakuijua baridi hii.

"Sasa umenena," bibi akasema. "Tunakusikia."

Tukafungua kamba. Omoni alikaa mwenzetu wa kutazama mbele, tezini nahodha na usukani wake, mimi katikati pamoja na wageni. Maandazi yakazunguka. Binti alitembea sambamba nasi, viatu vikichukua vumbi, na kila alipopita nyuma ya miti mama yake alisogeza uso kwenye kioo mpaka atokeze upande wa pili. Wakawa wanapungiana mikono kama watu walioagana miaka kumi.

Tulipofika kwenye chumba cha maji, pale boti inaposhushwa kati ya malango mawili, niliwaomba wote waketi. Hapa ndipo ninapokuwa na hofu kuliko kwingine kokote. Chini ya lango la nyuma kuna kizingiti cha zege kisichoonekana maji yakijaa. Tezi ikikaa juu yake maji yakishuka, nyuma huning'inia na mbele huzama. Ukutani kuna mstari mweupe wa kuonyesha mwisho wake. Sikuongea. Niliutazama mstari ule tu, dakika zote, mpaka tukawa chini kabisa kama watu walio kisimani, na kule juu, angani, zikaonekana nyuso mbili zimeinama kututazama: mwenzetu wa kufungua malango, na binti wa bibi. Kumbe mwenzetu alikuwa amemwonyesha jinsi ya kuegemeza mgongo kwenye boriti ndefu ya lango. Wakasukuma pamoja, taratibu, lango likafunguka, mwanga ukaingia. Kina mama wakapiga kigelegele. Sidhani kama mawe yale yalikuwa yamewahi kukisikia. Mbele kidogo tulifunga kamba ili apewe kikombe chake cha chai, na alikinywa amesimama nyasini, akicheka.

Saa nane tulirudi gatini. Nikasimama pembeni mwa lifti na karatasi yangu, nikahesabu kwa sauti kila aliyeshuka, na wa mwisho alikuwa bibi mwenyewe. Nikasema, "Kumi na wawili," nikaandika.

Bibi akanishika mkono wa shati. "Umemwacha mmoja," akasema, akamnyooshea kidole bintiye aliyekuwa anakuja njiani, bado yuko mbali kidogo. Hakuniondolea macho mpaka binti alipofika karibu yetu, nami nikalisema jina lake.