Mchezo usio na mbalamwezi

Nianze na kosa langu. Mwaka jana, usiku mmoja, nilimwita kaka yangu msaliti. Hatukugombania deni wala shamba. Alizima simu katikati ya mechi akaenda kulala, basi.

Wengi wenu hapa kambini mnaijua Free Fire, hata kama mnaijua kwa kelele tu za vijana wanaokaa penye chaji. Watu 50 wanashushwa kisiwani, duara inazidi kubana, na kikosi kinachobaki mwisho ndicho kinachoshinda. Sisi tulikuwa wanne: mimi huku, wawili Bujumbura, na yeye Kigwena, kusini ya Rumonge, ambako familia yake ilinipokea mwaka 2018 tulipovuka ziwa kutoka upande wa Fizi. Ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo ni kaka yangu. Tulimwita Nahodha kwa sababu ndiye aliyeamua tushuke wapi, nani atangulie, nani abaki nyuma.

Wazee hutuuliza: mchezo tu huo, mnatafuta nini ndani yake? Nitajibu ukweli. Kambini tunangoja kila kitu: maji, chakula, jibu la faili. Kwenye mchezo cheo hakiulizi karatasi. Ukipanda, umepanda kwa mkono wako mwenyewe. Ndiyo maana nilitoa pesa ya sabuni nikanunua forfe. Lakini msimu ukiisha cheo kinashushwa, unaanza tena kupanda. Kidogo kidogo raha ikageuka zamu. Nahodha alikuwa anavua usiku, anarudi asubuhi, analala saa mbili tu, na sisi tunampigia: "Ingia bwana, tunashuka!" Anaingia. Akikosea, tunamtukana. Ajabu ni kwamba ndani ya mchezo mwenzako akiangushwa unakimbia kumwinua hata risasi zikilia. Sauti ya mtu aliyechoka hatukuisikia.

Usiku ule hakwenda ziwani. Tukasema: vizuri, leo ana nafasi, tucheze mpaka kuche. Saa saba za usiku akasema, "Wadogo zangu, nimechoka," akatoka. Tukabaki watatu, tukapigwa.

Hoja yangu wakati ule ilikuwa hii: aliyeahidi wenzake hana haki ya kupumzika peke yake, maana uchovu wake anaulipa mwingine. Hata leo sioni kama ni hoja ya kijinga. Timu ni ahadi. Kila mtu akiondoka anapojisikia, hakuna timu.

Baadaye nilipata ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda Kigwena kuomba radhi. Kwenda radhi nilikwenda, lakini moyoni bado nilikuwa na hoja yangu. Alinichukua mpaka ufukweni. Boti zilikuwa zimevutwa juu, wanaume wanashona nyavu, wengine wamelala tu kivulini.

"Leo hawavui?" nikauliza.

"Mdogo wangu, hukuona mwezi jana? Nani atawasha taa?"

Ndagala wanavuliwa gizani. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, samaki wanakusanyika kwenye mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, taa haiwaiti tena. Basi karibu wiki nzima katika kila mwezi kazi inalala. Usiku ule tuliomwita msaliti ulikuwa usiku wa mbalamwezi. Tulichukua mapumziko yake tukasema ana nafasi.

Nikamuuliza: na mmoja akibaki kulala usiku wa giza? Akacheka. "Huyo tutamtukana kuliko mlivyonitukana nyie."

Jibu hilo ndilo lililobadilisha mawazo yangu. Wavuvi hawana huruma kutuzidi. Tofauti ni kwamba mapumziko yao yanawaangukia wote siku moja, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Anayepumzika peke yake ataonekana msaliti sikuzote, hata akiwa mgonjwa. Kosa letu halikuwa kudai ahadi. Tuliahidiana kucheza, hatukuahidiana kuacha, na kila mmoja akaachiwa atafute mwenyewe ujasiri wa kusema amechoka.

Hata wanaolipwa hawakuepuka jambo hili. Astralis ya Denmark ilishinda Major nne za Counter-Strike. Mwezi Mei 2020 nahodha wao, Lukas Rossander, alisimama kucheza kwa ajili ya msongo na uchovu, na muda mfupi baadaye mwenzake Andreas Højsleth naye akapumzika. Timu iliendelea na wengine. Kama hao walifika hapo, mvuvi mwenye usingizi wa saa mbili angefika wapi?

Mtu ataniambia: njaa haina mbalamwezi. Ni kweli. Wiki ile Kigwena sufuria inakuwa nyepesi, na mama anayeanika ndagala hana cha kuanika. Sisemi kupumzika ni bure. Nasema gharama yake igawanywe, isibebwe na yule wa kwanza kuanguka.

Na nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa: wengi wenu mna likizo za mapumziko zilizoandikwa, na ni haki. Lakini mnao vijana wa kujitolea, watu wa hapahapa kambini, ambao simu yao inalia saa yoyote. Wao mwezi wao ni upi?

Kikosi chetu sasa kina sheria: mwezi ukijaa, hakuna anayeingia kwa siku tano, hata msimu ukiwa unaisha. Mmoja wa Bujumbura aliona ni utoto, akahamia kikosi kingine. Cheo chetu kimeshuka. Tumebaki watatu, Nahodha bado ni Nahodha, na nafasi ya nne iko wazi.