Tunapojivunia Wazee Wetu, Tunajivunia Nini?



Mtu akisimama mbele za watu akasema, "Wazee wangu walikuwa watu wakubwa," je, amesema neno la haki au neno la kiburi? Suali hili nimelisomesha miaka mingi nikidhani jawabu yake naijua. Lakini ilinilazimu kulifikiri upya nikiwa ugenini, katika mji ambao sikutazamia kupata darasa ndani yake.

Binti yangu anakaa na mumewe na watoto wao Fort Worth, katika jimbo la Texas, Marekani. Nilikwenda kuwazuru. Mji huo una watu kiasi cha milioni moja, una majumba marefu, na una kiwanda kikubwa kinachounda ndege za kivita. Lakini mwulize mwenyeji mji wake ni mji gani, hatakutajia ndege. Atakwambia huu ni Mji wa Ng'ombe, na ya kuwa wao ni wana wa makauboi, wale wachunga ng'ombe wapanda farasi ambao wengi wetu tuliwajua kwa sinema.

Mkwe wangu alinipeleka kwenye soko la zamani la mifugo, upande wa kaskazini ya mji. Hapo, saa tano na nusu za asubuhi na saa kumi za alasiri, ng'ombe kumi na kitu wenye pembe ndefu ajabu hupitishwa barabarani, wapanda farasi wamewazunguka, na watu wamejipanga huku na huku wakitazama. Wenye ng'ombe hao ni serikali ya mji. Hawapelekwi mnadani, kazi yao ni kupita wakaonekana.

Aliyesimama karibu yangu alivaa kofia pana na viatu virefu vya ngozi vilivyong'arishwa. Nilimwuliza, mkwe wangu akifasiri, kama yeye ni mchungaji. Akacheka. Kazi yake ni hesabu katika benki, na babu yake alikuwa muuza duka. "Lakini hapa sote ni makauboi," akasema.

Nikasema moyoni mwangu: huyu amevaa urithi asiourithi. Msomaji, usiharakishe kumcheka pamoja nami, maana zamu yangu yaja.

Hebu tuwatazame wenye urithi wenyewe. Vita vya Wamarekani kwa Wamarekani vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi na fedha chache. Ng'ombe wa dola nne huko aliweza kufika dola arubaini katika miji ya kaskazini. Basi ng'ombe wakaswagwa kwa miguu mpaka Kansas, kwenye reli, safari ya miezi miwili au mitatu. Watu kumi au kumi na wawili waliongoza ng'ombe elfu mbili au zaidi. Walilala chini, wakakesha kwa zamu, wakavuka mito iliyofurika, na ujira wao ulikuwa kiasi cha dola thelathini kwa mwezi. Ng'ombe hawakuwa wao. Reli ikafika Fort Worth mwaka 1876, seng'enge ikafunga malisho, na kabla ya mwaka 1890 safari zile zilikuwa zimekwisha. Fahari yote ile imejengwa juu ya kazi ya vibarua, nayo haikutimiza miaka thelathini.

Wala sinema hazikutwambia ni vibarua gani. Wanahistoria wanakadiria kwamba kiasi cha mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi, na wengi wao walizaliwa utumwani. Wengine walikuwa Wameksiko. Pale sokoni pana sanamu ya Bill Pickett, aliyezaliwa mwaka 1870, mtoto wa wazee waliotoka katika utumwa, aliyekuwa akimkamata fahali kwa pembe akamwangusha chini. Alipokuwa hai, pengine alizuiwa kushindana kwa sababu ya rangi yake. Leo mji uliojaa warithi wa waliomzuia unapiga picha mbele yake. Na malisho ya magharibi ya hapo yalikuwa nchi ya Wakomanchi, walioshindwa na jeshi mwaka 1875. Hayo nayo yamo ndani ya urithi, ingawa hayavaliki kichwani.

Usiku ule mezani, zamu yangu ikaja. Niliwaeleza wajukuu zangu kwamba ufundi wa makauboi ulitoka kwa wachungaji wa Meksiko, na wa Meksiko waliupata kwa Wahispania, na Wahispania walijifunza kwa Waislamu wa Andalusia kupanda farasi kwa wepesi, miguu imekunjwa. Hata neno lao la mpanda farasi, jinete, asili yake ni Zanata, kabila la Kiberberi la Afrika ya Kaskazini. Haya ni kweli. Nikamaliza kwa kusema, "Basi haya yote ni yetu sisi."

Mjukuu wangu mdogo akaniuliza, "Babu, na wewe wajua kupanda farasi?"

Nikasema sijui.

"Na babu yako je? Yeye alifanya kazi gani?"

Hapo, msomaji, ulimi ulinizito. Watoto wale nimewahifadhisha nasaba yetu mpaka mababa saba. Mna humo mwalimu wa Kurani na mna kadhi. Lakini babu yangu mzaa baba alikuwa hamali. Alibeba magunia bandarini mpaka mgongo ukapinda, na kwa ujira huo akamlisha baba yangu na kumtia chuoni. Jina lake hulitaja upesi, nikapita kwa kadhi. Nimewasomesha watu kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwaambia sahaba zake wazi kuwa aliwachungia watu wa Makka kwa ujira, wala hakuona haya. Mimi niliona haya kwa gunia lililonisomesha.

Nilimcheka mtu wa benki kwa kofia yake, nami nimevaa vilemba viwili: cha Andalusia na cha kadhi. Tena yeye amenishinda kwa jambo moja. Mji wake ni tajiri, nao umechagua kujitukuza kwa kibarua maskini. Mimi nilimficha wangu.

Basi jawabu ninayoiona sasa ni hii. Kuwakumbuka wazee ni haki, na ni shukrani, maana hakuna aliyejizaa mwenyewe. Kiburi huingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni kuchagua: kumtwaa mkubwa, kumwacha mdogo, na kuifunika dhulma. Wa pili ni kudhani kwamba walichokitenda wao kimetutendea sisi. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba ambaye amali zake zimemrudisha nyuma, nasaba haitamtanguliza. Mwenye kujivunia jasho la babu yake na ajiulize, leo yeye ametokwa na jasho kwa ajili ya nani? Na je, anapopita hamali wa leo, humpisha njia, au humfukuza mlangoni?

Usiku ule nilimjibu mjukuu wangu. Nilimtajia jina la babu yangu, kazi yake, na uzito wa gunia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Alikuwa na nguvu sana?"

Nikamwambia, "Naam. Kuliko kadhi."

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu wote, tunaowataja na tuliowaficha. Amin.