Macho Hayana Pazia

Sisi tuishio Afrika Kusini tukipata likizo huwasha gari tukaelekea Durban kuona bahari. Njiani tunasifu mapori yasiyo na watu. Mimi pia nilipita mara tatu karibu na Cato Manor bila hata kugeuza shingo.

Mtaa huo wakazi wake wa zamani waliuita Mkhumbane. Kuanzia 1958 serikali ya ubaguzi wa rangi ilibomoa vibanda vyao, ikawahamishia KwaMashu na Umlazi, mbali na mji. Wahindi nao waliondolewa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ikabaki majani matupu. Aliyepita wakati huo angeweza kusema: "Pori zuri lililoje!"

Je, angekuwa na kosa? Naona kutojua si kosa. Macho hayana pazia. Kosa ni kujua kuuliza bei ya chumba na njia ya ufukweni, usijue kuuliza nani alikaa hapa. Sisi wageni tunaujua uchungu wa kutazamwa kama hatupo. Basi safari ijayo tuulize kwanza, bahari haikimbii.