Amana Iliyo Chini ya Mafunjo

Je, yamfalia mtu kuiharibu mali kwa kuwa haoni faida yake? Swali hili twaliweka mbele ya ndugu zetu, na mfano wake twautoa Naivasha, katika kaunti ya Nakuru.

Kandokando ya ziwa hilo humea mafunjo. Wengi huyaona ni magugu na maskani ya mbu. Lakini mmea huu ukikua huvuta hewa ya ukaa na kuigeuza kuwa mwili wake. Ukifa penye maji yasiyo na hewa ya kutosha, hauozi ukaisha. Hulala tabaka juu ya tabaka, ukawa udongo mweusi wenye kuhifadhi kaboni karne kwa karne. Ardhi ya namna hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, na kaboni yake yazidi iliyomo katika miti ya misitu yote. Katika bonde la Kongo peke yake, wataalamu walikadiria mwaka 2017 kiasi cha tani bilioni 30.

Kinamasi kikikaushwa, hewa huingia, udongo huoza, na akiba ya karne nyingi hutoka katika umri wa mtu mmoja, ikazidisha joto la dunia. Na mafunjo ya Naivasha yamepungua sana tangu miaka ya 1960, kwa kilimo na malisho.

Hukumu ya wakfu twaijua sote: matunda huliwa, shina haliuzwi. Mutawalli akiibomoa nyumba ya wakfu auze mawe yake, amekhini. Basi mafunjo na yakatwe kwa mikeka, yatamea tena. Lakini udongo wake usikaushwe.

Atasema msemaji: asiye na shamba ale nini? Neno hili ni la haki. Njaa ya leo huonekana, joto la kesho ni la kuhadithiwa. Kwa hiyo mwenye kumkataza maskini asilime kinamasini na amtafutie pengine pa kulima. Kukataza bila ya kusaidia ni dhuluma ya pili.

Wala sisi wa pwani tusijione tumetakasika. Tope la mikoko yetu nalo limehifadhi kaboni, nasi twaikata mikoko kwa boriti na makaa. Watu wa Gazi, kusini ya Mombasa, wameuza hifadhi ya kaboni ya mikoko yao tangu mwaka 2013, na fedha zake zikaleta maji na vitabu vya shule. Wao wameitambua amana wakala matunda yake. Sisi twangoja nini?