Kabla Hujafufua

Hebu tunga sentensi ukitumia kitenzi "fufua". Mwalimu wa Kiswahili angekubali jibu lolote kati ya haya: Yesu alimfufua Lazaro. Fundi alifufua pikipiki. Mheshimiwa ameahidi kufufua kiwanda. Sarufi ni safi, angeweka vyema tatu na kuendelea na daftari lingine. Mimi sentensi ya tatu imenisumbua miaka mingi sasa, maanake nimelelewa kati ya Kitale na Bungoma, na huku kwetu kitenzi hicho kinatumika kama sufuria kubwa ya harusi. Msimu wa kura ukifika kinashushwa, kinapikiwa watu, kisha kinaoshwa na kurudishwa juu ya kabati kwa miaka mitano.

Ukikitamka polepole utasikia ile "fu" ya mfu ikigonga mara mbili. Ila kinachonikera si sauti, ni umbo. "Fufuka" ni jambo linalotokea. Kitu kinafufuka, basi. "Fufua" inataka mtendaji, mtu mwenye mikono. Ndiyo maana wanasiasa wanaipenda. Ukisema "nitafufua", tayari umejiweka ndani ya sentensi, tena mbele kabisa.

Sasa linganisha na kile kifo chenyewe. Kiswahili chetu cha Kenya kinaua kila kitu bila muuaji. Simu imekufa. Betri imekufa. Biashara ya shangazi ilikufa. Hata grupu ya WhatsApp ya mliosoma pamoja imekufa. Na kiwanda, vilevile, "kilikufa", kama mzee aliyeshiba umri akalala asiamke. Sijawahi kusikia mtu jukwaani akisema kiliuawa. Kwa hivyo ufufuo una mwenyewe, ana jina na picha kwenye bango, lakini kifo hakina mwenyewe. Swali langu ni la maadili kabla ya kuwa la siasa: je, mtu anaweza kustahili sifa za kufufua kama hataki kutaja kilichoua?

Fundi wa jua kali pale Kitale angekuambia haiwezekani. Mpelekee pikipiki iliyozima ukamuulize kama ataifufua, hatakuahidi kitu. Ataifungua kwanza. Atakuonyesha pistoni iliyokwaruzika, atakuuliza mara ya mwisho oili ilibadilishwa lini, na kama mwenye boda ndiye aliyeiua atamwambia hapo hapo, mbele ya wenzake. Ni aibu, lakini bila hiyo aibu hiyo injini itarudi kwake baada ya wiki mbili.

Sasa panda matatu uende Bungoma. Utapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, utokee Webuye. Pale ndipo palikuwa na Pan Paper, kiwanda cha karatasi kilichoanza uzalishaji mwaka 1974. Wasafiri wa zamani walikuwa wanajua wamefika Webuye hata wakiwa wamefumba macho: harufu ya mayai yaliyooza ilikuwa inaingia dirishani na hakuna aliyemlaumu jirani. Januari 2009 kilifungwa, kikiwa na madeni na bili za umeme zisizolipika. Mwaka 2010 kikafufuliwa kwa sherehe. Mwaka 2011 kikalala tena. Mwaka 2016 kikauzwa kwa shilingi milioni 900, na leo kinaitwa Rai Paper.

Vifo viwili, ufufuo mara mbili, kwa kiwanda kimoja. Ule ufufuo wa kwanza ndio unaonifikirisha zaidi. Mitambo iliwashwa, lakini madeni na umeme ghali vilikuwa bado vinakaa pale pale, kama ile pistoni ambayo hakuna aliyetaka kuitoa mbele ya watu. Na hata kitu kikirudi kweli, huwa kinamrudia nani? Mfanyakazi aliyekuwa na miaka 45 siku ya kufungwa alikuwa na 52 wakati kiwanda kinauzwa. Mashine inaweza kungoja miaka saba ikifunikwa turubai. Mama aliyekuwa akiwauzia wafanyakazi chakula cha mchana hawezi. Kodi ya nyumba haijui kungoja, karo pia haijui. Nimesikia watu wa Webuye wakisema wanaitamani ile harufu mbaya, na nadhani hawatanii.

Rafiki yangu mmoja hupinga haya yote. Mtu mwenye njaa, anasema, hahitaji uchunguzi wa maiti. Anahitaji kazi Jumatatu asubuhi. Mkianza kutafuta nani aliua, mtakaa kwenye tume hadi mitambo iote kutu. Hoja yake ina uzito, tena Kenya tume tunazijua. Lakini tazama KCC, ambayo ina kiwanda pale Kitale. Iliuzwa kwa watu binafsi mwaka 2000. Mwaka 2003 serikali mpya iliyatengua mauzo yale yale, ikaichukua tena, na maziwa yakarudi kukusanywa. Haikuhitaji kutunga kitabu kuhusu kifo. Ilihitaji tu kukiri kwamba tendo fulani lilifanyika, kisha kulirudisha nyuma. Kutaja kilichoua ndiko kulikokuwa nusu ya dawa.

Kwa Wabukusu kuna namna nyingine ya kuwarudisha waliokufa, na haina jukwaa. Jina la marehemu hupewa mtoto. Wakati mwingine marehemu humjia mtu wa familia ndotoni, au mtoto hulia usiku mfululizo mpaka litajwe jina lililo lake. Ila wazee hawakubali kila jina. Huuliza kwanza: huyo aliishi vipi, alikufa vipi? Kuna majina yanayoachwa yalale. Naona hapo kuna uangalifu ambao sisi tuliosoma hatuna, sisi tunaotaka kila kitu kirudi kwa sababu tu kiliwahi kuwepo.

Nzoia, kiwanda cha sukari kule Bukembe, kilianza kusaga miwa mwaka 1978. Kilifika mahali wakulima walidai pesa za miwa na wafanyakazi walidai mishahara, na mwaka 2025 kikakodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Kitenzi chetu, bila shaka, kilishushwa kabatini. Sipingi mkataba wenyewe. Huenda miwa ikalipwa kwa wakati, na nitafurahi kwa ajili ya jamaa zangu wanaolima. Lakini mbele ya sentensi "tunafufua Nzoia" ningependa kusikia nyingine, fupi tu, yenye kitenzi "ua" na jina la mtendaji. Mkataba utaisha 2055. Mtoto aliyezaliwa Bukembe wakati ukitiwa sahihi atakuwa na miaka 30, labda akitafuta kazi pale pale, na kutakuwa na mtu jukwaani anamwahidi kitu. Sijui kama atakuwa amebaki mtu wa kumweleza yale madeni ya kwanza yalitoka wapi.